Vyuma vya Ping: Mhandisi Aliyekataa Kumlaumu Mchezaji

Vyuma vya Ping vilipoanza kujulikana mwishoni mwa miaka ya 1960, wachezaji wengi wa gofu nchini Marekani hawakuvipenda kwa macho. Mgongo ulikuwa umechimbwa, shingo imepinda, na chuma chenyewe kilikuwa cha kijivu kisichong'aa, wakati fimbo za heshima za siku zile zilisuguliwa mpaka mtu akajiona usoni mwake. Leo ukiingia duka lolote kubwa la vifaa vya gofu utakuta vyuma vyenye mgongo uliochimbwa vimejaa rafu nzima, vya kampuni hii na vya washindani wake. Fimbo iliyobezwa ndiyo iliyoshinda.

Kampuni za fimbo ni nyingi, na kila moja ina hadithi yake ya kujivunia. Ping ina kitu ambacho nyingine hazina: vyuma vyake vyote, kuanzia vya kwanza hadi vya mwaka huu, vimezaliwa na swali moja. Mpira ukienda vibaya, je, kosa ni la mkono wa mchezaji peke yake, au chuma nacho kina sehemu yake?

Kwa msomaji asiyecheza, niseme kwanza vyuma ni nini. Mfuko wa mchezaji una fimbo zisizozidi 14. Kuna dreva na wenzake wa vichwa vikubwa kwa mapigo ya mbali, kuna putta ya kusukumia mpira shimoni, na katikati ya hizo kuna vyuma, ambavyo ndivyo vingi kuliko vyote. Vyuma hupewa namba. Namba ndogo ina uso uliosimama zaidi na mpini mrefu, hivyo hupeleka mpira mbali na chini. Namba kubwa ina uso uliolala, nayo huupandisha mpira juu na kuuangusha karibu. Mwinamo huo wa uso hupimwa kwa nyuzi. Tukifika mbele tutaona kwamba namba na nyuzi si mambo yanayokwenda pamoja siku zote, na hapo ndipo wanunuzi wengi wanapopotea.

Kwa vizazi kadhaa chuma cha gofu kilikuwa kazi ya mhunzi. Huko Scotland, mchezo ulikokulia, kichwa cha fimbo kilifuliwa kwa nyundo kutoka kipande cha chuma laini, na hata viwanda vilipokuja na mashinikizo makubwa, umbo lilibaki lilelile: bapa jembamba, uzito wake mwingi umekusanyika nyuma ya katikati ya uso. Ukiupiga mpira pale katikati, hakuna raha inayozidi hiyo. Ukikosea kidogo kuelekea nchani au kisiginoni, kichwa kinajipinda mkononi, mpira unapoteza nguvu na mwelekeo, na viganja vinawaka, hasa asubuhi ya baridi. Hali hiyo ilikubaliwa kama sheria ya maumbile. Ukilalamika uliambiwa ujifunze kupiga.

Aliyekataa jibu hilo hakuwa mtu wa gofu. Karsten Solheim alizaliwa Bergen, Norway, mwaka 1911, akapelekwa Marekani akiwa mtoto mdogo na kukulia Seattle. Baba yake alikuwa fundi viatu, naye mwenyewe akaishika kazi hiyo baada ya mdororo mkubwa wa uchumi kumkatizia masomo ya chuo kikuu. Wakati wa Vita ya Pili ya Dunia aliingia katika viwanda vya ndege, akafanya kazi Ryan kule San Diego katika mradi wa ndege ya kivita iliyoitwa Fireball, kisha Convair, na mwaka 1953 akaajiriwa na General Electric. Wenzake wa ofisi ndio waliomvuta uwanjani. Alikuwa na umri wa miaka 42. Umri huo wachezaji wengi wa kulipwa wanafikiria kustaafu. Yeye ndiyo kwanza anashika fimbo.

Putta ndiyo iliyomsumbua. Mpira haukuingia. Mhandisi akikutana na chombo kinachotoa majibu tofauti kila mara haanzi kukisifu, hukifungua. Solheim aliona kwamba kichwa cha putta kilizunguka kidogo kila kilipougusa mpira nje ya katikati. Akauhamisha uzito, akauweka kwenye ncha na kisigino, katikati akapaacha patupu. Mtu anayebeba ndoo mbili za maji kwa mzega analijua jambo hili bila kusomea fizikia: mzigo ukiwa kwenye ncha mbili za mti, mti hauzunguki kirahisi. Mwaka 1959, kwenye gereji ya nyumba yake Redwood City, California, alitengeneza putta ya kwanza, 1A. Ilipougonga mpira ilitoa mlio mkali, na mlio huo ukawa jina la kampuni.

Mwajiri wake alimhamishia Phoenix, Arizona, mwaka 1961, na Ping ikahamia huko pamoja na familia. Mwaka 1966 ikatoka putta ya Anser, ambayo mchoro wake wa kwanza aliuchora kwenye ganda la sahani ya santuri. Mkewe, Louise, ndiye aliyeipa jina hilo, na ndiye aliyeshauri herufi moja iondolewe ili neno lipate nafasi juu ya chuma. Mwaka 1967 Julius Boros alishinda Phoenix Open akiwa na Anser, na mwaka huohuo Solheim akaacha kazi yake General Electric na kusajili kampuni ya Karsten Manufacturing. Alikuwa na miaka 55. Nalitaja jambo hili kwa sababu mara nyingi tunasimuliwa habari za wagunduzi waliokuwa vijana. Huyu alikuwa mtu mzima mwenye watoto wakubwa, aliyeacha mshahara wa uhakika kwa ajili ya kipande cha chuma.

Vyuma havikuwa mbali. Mapema miaka ya 1960 alikuwa tayari amechukua vichwa vya vyuma vya kawaida vilivyofuliwa, akavichimba mgongoni kwa mashine na kuubakiza uzito pembezoni. Seti hizo za mwanzo, zilizoitwa 69, hazikumtosheleza. Kuchimba chuma kilichokwisha kufuliwa ni kazi ya kubomoa nyumba ili kupanua dirisha. Alitaka umbo litoke hivyo tangu mwanzo, na hapo akaachana na nyundo ya mhunzi akaenda kwenye kalibu.

Mwaka 1969 vikatoka vyuma vya Karsten I, na kwa maoni yangu huu ndio mwaka muhimu kuliko yote katika historia ya vyuma vya gofu. Vilikuwa vimesubiwa. Kwanza mfano wa kichwa hutengenezwa kwa nta, na maumbo yake yote ya ndani na nje. Nta hiyo huchovywa mara kadhaa kwenye uji wa udongo wa kauri mpaka ipate ganda gumu. Ganda likiingizwa kwenye moto, nta huyeyuka na kutoka, na pale ilipokuwa panabaki uwazi wa umbo lilelile. Chuma kisichoshika kutu humiminwa humo. Kikipoa, ganda huvunjwa. Njia hii ni ya kale, wasubu wa shaba wameitumia kwa maelfu ya miaka, na viwanda vya ndege viliifahamu vizuri. Solheim alikuwa ametoka kwenye viwanda hivyo.

Kwa njia hiyo aliweza kuweka uzito popote alipotaka. Mgongo ukawa na shimo kubwa, na chuma kilichookolewa hapo kikapelekwa kwenye ncha, kisigino na soli. Katikati ya uso, yaani eneo ambalo pigo linakubalika, likatanuka. Aidha, kalibu hutoa kichwa cha mia kikiwa sawa na cha kwanza, jambo ambalo mhunzi, hata awe hodari vipi, hawezi kuliahidi. Mchezaji wa kawaida, yule anayecheza Jumamosi baada ya wiki nzima ya ofisini, kwa mara ya kwanza alipata chuma kilichobuniwa kwa kuzingatia pigo lake baya. Mabingwa walikuwa wameshughulikiwa siku zote. Huyu hakuwa ameshughulikiwa na mtu.

Kuna jambo la pili la wakati huo ambalo halisifiwi inavyostahili. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Ping ilianza kupima wateja. Mtu mrefu na mtu mfupi wakishika chuma kilekile, soli haitakaa sawa ardhini: kwa mmoja ncha itainuka, kwa mwingine kisigino, na mpira utavutwa kushoto au kusukumwa kulia hata pigo likiwa safi. Kampuni ikatengeneza chati yenye vipimo viwili tu, urefu wa mtu na umbali kutoka kifundo cha mkono hadi sakafuni, na jibu likawa nukta ya rangi iliyopakwa kwenye kichwa. Nyeusi ni kipimo cha kawaida, nyekundu imelala kidogo, buluu imesimama kidogo, kijani zaidi, na kadhalika. Kila seti ikapewa namba yake ya utambulisho, ili mtu akipoteza chuma kimoja aweze kutengenezewa kingine kinachofanana na wenzake. Siku hizi kupimwa kabla ya kununua ni jambo la kawaida kwa kila kampuni kubwa. Wakati ule fimbo ilinunuliwa kama sukari, unachukua iliyopo.

Miaka ya 1970 ikaisha kwa vyuma vilivyoitwa Eye, kwa sababu ya umbo la jicho mgongoni mwake. Kisha, mwaka 1982, ikaja Eye2.

Sijui namna ya kuizungumzia Eye2 kwa kipimo. Hutajwa kuwa seti ya vyuma iliyouzwa kuliko zote katika historia ya gofu, na mtu akiishika leo anaelewa sababu. Soli yake imeviringwa kwa namna inayopita kwenye majani na mchangani bila kukwama. Shingo yake imepinda na kuurudisha uso nyuma kidogo, na hivyo kumpa mchezaji nafasi ya kuunyoosha kabla ya kuufikia mpira. Wapo waliosema inafanana na chombo cha jikoni. Hata hivyo waliosema hivyo walimwona jirani yao, mtu ambaye miaka yote hawakumhofia, akianza kuufikisha mpira kwenye grini, yaani eneo la majani mafupi lenye shimo, kwa mapigo ambayo zamani yangeishia kwenye shimo la mchanga. Ilitengenezwa kwa chuma kisichoshika kutu, na kwa waliotaka kulipa zaidi kulikuwa na toleo la shaba iliyochanganywa na berili, la rangi ya dhahabu iliyokolea, ambalo mpaka leo lina wapenzi wake. Vumbi la berili ni sumu kwa mtu anayelisugua kiwandani, na madini hayo yaliachwa.

Mafanikio hayo ndiyo yaliyoleta vita.

Usoni mwa kila chuma kuna mifereji midogo ya kulala. Kazi yake inafanana na ile ya mikato ya tairi: kupitisha maji na majani ili uso uushike mpira na kuuzungusha. Mifereji ya zamani ilikuwa na umbo la V. Chuma kilichosubiwa kilifaa zaidi mifereji yenye umbo la U, na Chama cha Gofu cha Marekani, USGA, kiliiruhusu katikati ya miaka ya 1980. Ping ikaitumia kwenye Eye2. Muda si mrefu wachezaji wakalalamika kwamba kingo kali za mifereji zinakwaruza maganda laini ya mipira. Solheim akafanya ambalo fundi yeyote angefanya: akazipunguza kingo ukali kwa kuziviringa.

Kanuni ilitaka nafasi kati ya mfereji na mfereji iwe angalau mara tatu ya upana wa mfereji wenyewe. Ukiviringa kingo, swali linazuka: upana unaanzia wapi, ukutani mwa mfereji au pale mviringo unapoanza? Solheim alipima kwa njia moja, USGA ikapima kwa nyingine, na kwa kipimo cha USGA mifereji ya Eye2 ilikuwa imekaribiana kupita kiasi kwa tofauti ambayo jicho haliwezi kuiona. Vyuma ambavyo watu wengi sana walikuwa navyo tayari mifukoni vikatangazwa kuwa kinyume cha kanuni.

Nyuma ya hoja hiyo ya vipimo kulikuwa na hofu kubwa zaidi. Mwaka 1987, kwenye mashindano ya Honda Classic huko Florida, Mark Calcavecchia alikuwa ndani ya majani marefu. Alipiga chuma namba 8 cha Eye2, mpira ukatua grini na kusimama kana kwamba ulitoka kwenye majani yaliyokatwa vizuri. Alishinda mashindano hayo. Wachezaji wenzake wakauliza: kama majani marefu hayamwadhibu mtu, kuna faida gani ya kupiga mpira sawasawa kwenye njia kuu? Swali hilo lilikuwa la haki, nami silidharau. Miaka miwili baadaye Calcavecchia, akiwa na vyuma hivyohivyo, alishinda mashindano makubwa ya The Open huko Royal Troon, Scotland, akiwashinda Greg Norman na Wayne Grady katika mashimo ya nyongeza, na chuma chake namba 5 cha shimo la mwisho kiliuweka mpira karibu kabisa na bendera.

Mwaka huohuo wa 1989 Solheim aliishtaki USGA akidai dola milioni 100, na PGA Tour, waendeshaji wa mashindano ya wachezaji wa kulipwa, walipopitisha marufuku yao dhidi ya mifereji ya U, akawashtaki nao pia. Mzee wa miaka 78 alisimama dhidi ya taasisi mbili zenye nguvu kuliko zote katika mchezo wake. Mtu anaweza kusema alikuwa akilinda biashara. Alikuwa akiilinda, bila shaka. Lakini aliyekuwa akishambuliwa alikuwa pia mteja aliyenunua seti kwa nia njema na kuambiwa baadaye kwamba anacheza na fimbo haramu. Januari 1990 USGA na Ping wakapatana: vyuma vya Eye2 vilivyotengenezwa kabla ya Aprili 1, 1990 vitabaki halali, na kampuni itarekebisha mifereji ya vile vitakavyofuata. Vile vipya vilitiwa alama ya kujumlisha mgongoni. Kesi ya PGA Tour ilikokotwa mpaka 1993, ikaisha kwa mapatano nje ya mahakama na marufuku ikaondolewa.

Mapatano hayo yalikuja kuzua jambo ambalo hakuna aliyelitazamia. Mwaka 2010 kanuni mpya zilipunguza ukali na ukubwa wa mifereji kwa wachezaji wa daraja la juu. Kwenye Farmers Insurance Open huko San Diego, Phil Mickelson akatoa mfukoni wedji, yaani chuma kifupi chenye uso uliolala sana, ya Eye2 iliyotengenezwa kabla ya tarehe ile ya 1990. Ilikuwa na mifereji ambayo wenzake walikuwa wamekatazwa, na ilikuwa halali, kwa sababu mkataba wa miaka 20 iliyopita uliilinda. Mchezaji mwenzake, Scott McCarron, alisema huo ni udanganyifu, kisha akaomba radhi. Aliyemaliza mzozo ni John Solheim, mtoto wa Karsten na mkuu wa kampuni. Machi mwaka huo alikubali kuachia haki ambayo baba yake aliipigania mahakamani, ili PGA Tour iweze kuzizuia wedji hizo kwenye mashindano yake. Hakulazimishwa na mtu. Katika michezo ambayo fedha husema kwanza, uamuzi ule ulikuwa wa kiungwana.

Karsten mwenyewe hakuliona hilo. Alifariki Februari 2000, akiwa ameshaanzisha Kombe la Solheim, mashindano ya wanawake wa kulipwa wa Marekani na Ulaya yaliyochezwa mara ya kwanza mwaka 1990 Lake Nona, Florida, na ambayo kwa gofu ya wanawake ni kilele.

Baada ya Eye2 njia ilikuwa ngumu, maana kitu kilichofanikiwa sana humfunga aliyekitengeneza. Miaka ya 1990 ilileta Zing, ISI na i3, majina ambayo mashabiki huyakumbuka kwa hisia tofauti. Mwelekeo ulirudi mwaka 2003 na 2004, zilipotoka S59 na G2, na tangu hapo Ping imekuwa na koo zinazoeleweka. Ukoo wa G ni wa mchezaji wa kawaida: kichwa kikubwa, soli pana, uzito pembezoni. Ukoo wa i ni wa anayepiga vizuri lakini bado anahitaji msaada. Ukoo wa S ulikuwa wa mabingwa. Bubba Watson alishinda mashindano makubwa ya Masters ya 2012 akiwa na vyuma vya S59, ambavyo wakati huo vilikuwa vya karibu miaka 10.

Kisha likatokea jambo ambalo mzee Karsten pengine angeinua nyusi kuliona. Mwaka 2010 Ping ikatoa vyuma vya Anser vilivyofuliwa. Kampuni iliyoipa kisogo nyundo ya mhunzi mwaka 1969 ilirudi kwake. Mwaka 2019 ikafuata Blueprint, bapa dogo lililofuliwa kwa kipande kimoja cha chuma, ambalo Louis Oosthuizen wa Afrika Kusini, bingwa wa The Open ya 2010, alishiriki kulifanikisha. Ni chuma kizuri ajabu, na hakimfai mtu anayesoma makala haya akiwa na handikapu ya 18, yaani kiwango cha mchezaji wa kawaida. Upande wa pili, i500 ya mwaka 2018 ina umbo la bapa la kimaridadi, lakini ndani ni tupu, na uso wake mwembamba wa chuma cha nguvu hujipinda na kurudi kama ule wa dreva. Siku hizi uzuri na msaada vinaweza kukaa katika kichwa kimoja.

Ikiwa kuna seti moja ya siku hizi inayoonyesha urithi wa Karsten ulivyo, mimi ningetaja i210 ya mwaka 2018. Viktor Hovland, kijana kutoka Oslo, aliyetwaa ubingwa wa PGA Tour wa msimu mzima mwaka 2023, aliendelea kuvitumia hata matoleo mapya yalipokuja. Mnorwe aliyeondoka Bergen mtoto alitengeneza kampuni ambayo zaidi ya karne moja baadaye ilimpa vyuma Mnorwe mwingine. Hovland angeweza kupiga bapa lolote. Alichagua chuma chenye mgongo uliochimbwa.

Sasa turudi kwenye namba na nyuzi. Chuma namba 7 cha Eye2 kilikuwa na mwinamo wa yapata nyuzi 35 au 36. Chuma namba 7 cha G430, cha ukoo wa G, kina nyuzi 29. Kwa hesabu ya miaka ya 1980, hicho ni karibu chuma namba 5, kikiwa kimeandikwa 7. Wahandisi wana maelezo, nayo ni ya kweli kwa sehemu: uzito wa vichwa vya sasa uko chini sana na nyuso ni nyembamba, kwa hiyo mpira hupaa juu kupita kiasi ikiwa mwinamo hautapunguzwa. Lakini sehemu nyingine ni biashara. Mteja akijaribu fimbo dukani na kuona namba 7 yake imeongezeka mita 15, anatoa pochi. Ping haikuanzisha mtindo huu, na kampuni karibu zote zinafanya hivyo. Nasikitika tu kwamba kampuni iliyojengwa juu ya kusamehe pigo baya imeingia nayo katika mashindano ya umbali, ilhali mchezaji wa wikiendi hapotezi mapigo kwa kukosa mita; huyapoteza kwa kukosa mwelekeo. Kwa haki yake, Ping humruhusu mteja kuagiza vyuma vya G vikiwa na mwinamo wa kizamani zaidi, na mtu mwenye busara atauliza kuhusu hilo.

Gharama ya mtindo huo inaonekana upande wa fimbo fupi. Wedji ya kawaida ya G430 ina nyuzi 41, wakati ile ya Eye2 ilikuwa na yapata 50. Pengo hilo lazima lizibwe, na linazibwa kwa kununua wedji nyingine moja au mbili. Mfuko bado una nafasi 14 tu.

Basi, kwa msomaji anayecheza kwenye viwanja vya Lugalo, Gymkhana, Muthaiga au Entebbe na anayefikiria kununua vyuma, vipya au vilivyotumika: usinunue namba, nunua nyuzi. Uliza mwinamo wa kila chuma kabla ya kukilinganisha na ulichonacho. Ukipata Ping iliyotumika, tazama rangi ya nukta kwenye kichwa na uhakikishe inalingana na urefu wako na mikono yako, kwa sababu chuma cha nukta isiyo yako kitakupeleka pembeni hata ukipiga vizuri. Tazama mifereji, ikiwa imesuguliwa mpaka uso ni laini, acha. Na kama utakayoikuta ni Eye2 yenye uso mzima, wala usiogope umri wake. Kwa mchezaji wa kawaida anayetaka mpira uende alikolenga, bado ni moja ya seti bora zilizowahi kutengenezwa, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya seti mpya.